Kibuyu Kilichorudi Kimeoshwa

Redio ikitaja neno maandamano, mimi husimama. Haijalishi ni maandamano ya nchi gani. Nitahamisha sufuria kutoka jiko hili hadi lile, nitakunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa, nitatoka nje kutafuta kitu ambacho hata mimi sikijui. Siku hizi naishi Biharwe, pembeni mwa Mbarara, hapa Uganda, na mwaka huu wa 2015 redio zetu haziishi habari za Burundi, na watu wake wanazidi kufika kambi ya wakimbizi ya Nakivale na magodoro vichwani. Mume wangu akiona nimeanza kuzunguka nyumba, huizima. Mimi huiwasha tena. Tumeoana miaka mingi na hilo hatujalimaliza.

Maradhi haya niliyapata Nakivale, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nilipokuwa na nguvu zangu na hasira zangu zote.

Sisi ni watu wa milima ya juu ya Kivu Kusini, wafugaji. Babu yangu amezikwa kule, na babu yake yuko hatua chache kutoka hapo, lakini pua yangu, wanasema, imetoka nje ya nchi. Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilikuwa shule ya msingi, na aliyeniambia ni mtoto tuliyekaa naye dawati moja. Nilimpiga na kibao cha kuandikia kikapasuka. Nilifukuzwa wiki nzima. Baba hakunigombeza, alininunulia kibao kingine na kuniomba hicho nikitumie kuandikia.

Nakivale nilipakana na mwanamke wa bondeni, kutoka kule tambarare za mto Ruzizi, mkulima wa mihogo na mpunga. Kwa siasa za kwetu, ambako watu wake huwaita wangu wageni, mimi na yeye hatukutakiwa hata kuchota maji bomba moja. Lakini waliogawa viwanja hawakutuuliza siasa zetu. Walihesabu hatua, wakapigilia vigingi, na kati ya nyumba yangu na yake pakabaki uzio wa minyaa ambao mbuzi waliupita wapendavyo. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama saba. Aliniita yaya, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, na mimi nilizoea kuitika.

Alifika kambini mjane, na mtoto wa kike mgongoni ambaye alikuwa hajatimiza miezi mitatu. Homa ilimkausha maziwa njiani. Siku ya pili tu nilimsikia yule mtoto akilia kile kilio cha njaa ambacho mama yeyote hakikosei, nikavuka uzio na kikombe. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, jike jekundu lenye pembe moja iliyopinda. Mume wangu alimchungia Mnyankore mmoja upande wa Kaberebere kwa miaka mitatu, na malipo yake yakawa yule ng'ombe, akiwa bado mtamba. Alikuwa na maziwa ya kutosha nyumba mbili kama nyumba hizo hazina tamaa.

Kwetu, mtoto uliyemnywesha maziwa ya ng'ombe wako ni wako nusu. Humuuzii. Huulizi amekunywa vikombe vingapi. Yule msichana alikunywa maziwa yetu hadi akawa na miaka minne, na tangu ajue kutembea, kila asubuhi alikuja mwenyewe kuchukua kibuyu, akaja jioni kukirudisha, amekikumbatia kwa mikono miwili. Alipita getini kwangu bila hodi. Alijua mahali pa kigoda, alijua kufukuza kuku, na akikuta bado tunakamua alikaa akamtazama ng'ombe usoni.

Sasa, kibuyu cha maziwa kwa wafugaji si chombo cha kusugua. Tunakifukiza kwa moshi wa nyasi maalumu, ndio unaokisafisha na ndio unaoyapa maziwa ladha. Sabuni hatuisogezi karibu. Anayekirudisha hukirudisha na tone la maziwa chini, kidogo tu, ili kisirudi kikavu. Kurudisha kibuyu kilichooshwa na kukaushwa ni kusema: asante, mimi na ng'ombe wako tumemalizana. Hayo nilimfundisha jirani yangu kwa mdomo wangu, mwezi wa kwanza, tukicheka, kwa sababu yeye kwao chombo kisichonuka sabuni ni aibu ya mwenye nyumba. Alisema, "Sawa, yaya, nitakamata moshi wenu." Na kwa miaka minne hakukosea hata siku moja.

Kisha ikaja ile wiki ambayo mji wa kwetu, kule Kivu Kusini, ulifurika watu barabarani.

Redio ilisema wanaandamana. Mwanzoni nilielewa, na hata nilikubali, kwa maana wale waliokuwa barabarani walikuwa wamefiwa, walikuwa wameibiwa, askari wa kila rangi ya sare walikuwa wamepita juu yao. Mtu aliyefiwa ana haki ya kupiga kelele. Lakini siku ya pili mtangazaji alisoma walichokuwa wakiimba, na walichokuwa wakiimba ni kwamba watu wenye sura kama yangu warudi kwao. Alikisoma kwa sauti ileile aliyosomea bei ya kahawa. Siku ya tatu akasema kuna nyumba zinasakwa.

Dada yangu wa tumbo moja alikuwa katika mji ule. Alikuwa mshonaji, na ana sura yetu ile, hata zaidi yangu.

Tangu hapo sikukaa. Nilipalilia shamba la mahindi nililopalilia Jumatatu, na nilipomaliza nikaona nimeng'oa na maharage. Nilikwenda bombani bila dumu. Kanisani nilisimama wakati wa kukaa, na mchungaji akadhani nimeguswa na neno akaniombea. Redio niliibeba kiunoni, nimeifunga kwa kitenge kama mtoto, na betri zikichoka nilizianika juani juu ya bati, nikasimama hapohapo kuzisubiri. Watoto wangu walijifunza kuniambia jambo mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili nilikuwa sipo, ingawa waliniona.

Na jirani yangu akaacha kuja kusikiliza redio.

Yeye hakuwa na yake. Miaka yote, saa ya habari, alikuja akakaa kwenye mkeka wangu akichambua mboga. Wiki ile alifika mlangoni tu, akasema la kusema, akaondoka macho yakiwa chini. Mimi nilikuwa nikimwangalia, na moyoni nilikuwa nimeanza kumuuliza maswali ambayo sikuyatoa. Kaka zake walikuwa mji ule ule. Je, wako barabarani? Je, wanaimba? Na yeye, akiwa peke yake na sufuria zake, anaimba nao? Nasema ukweli wangu: nilitamani niyasikie kutoka kwake, ili nipate mtu wa karibu wa kumchukia. Ule umati ulikuwa mbali mno, haufikiki kwa mkono.

Jioni moja mtoto alirudisha kibuyu. Nilikipokea nikasikia ni chepesi. Nikatoa mfuniko. Kilikuwa kikavu mpaka chini, na kilinuka sabuni ya kufulia.

Nilimtazama yule mtoto, akanichekea kama kawaida, akaenda kufukuza kuku. Nilikitundika kibuyu ukutani, mdomo chini, jambo ambalo mama yangu angenichapa kwa ajili yake. Nikasema moyoni: basi, umenijibu.

Asubuhi yake mtoto alikuja. Nilimwambia ng'ombe leo hakutoa. Ng'ombe alikuwa hapo hapo, kiwele kimejaa hadi kinang'aa, na mtoto akakitazama kiwele, akanitazama mimi, akasema, "Aya, mama." Siku ya pili alikuja tena nikamwambia hivyo hivyo. Siku ya tatu hakuja.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini ana macho.

"Mama ya batoto," aliniuliza, "ule mutoto iko wapi?"

"Muulize mama yake."

"Miye ninakuuliza wewe."

Nilimwonyesha kibuyu, nikamwambia anuse. Akanusa. Akasema labda kuna sababu, kwa nini nisivuke uzio nikaulize. Nikamwambia kama anataka kwenda kupiga magoti kwa watu wanaotufukuza, njia anaijua. Alichukua fimbo yake akaenda kuchunga. Jioni aliporudi alizungumzia malisho tu, na hilo liliniudhi kuliko kama angenipigia kelele.

Maziwa yakabaki mikononi mwangu. Ningeweza kumwachia ndama. Badala yake niliyatia katika kibuyu kikubwa cha kusukia siagi, nikakaa chini, nikasuka. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyonituliza wiki ile. Mikono inakwenda mbele na nyuma, maziwa yanapiga ndani, na kichwa kinapata pa kukaa. Nilisuka asubuhi, nikasuka mchana, hata siagi ilipokwisha kushikana niliendelea kusuka. Uzio wa minyaa ulikuwa mbele yangu. Nilijua jirani yangu anasikia, na nilitaka asikie. Katika siku tisa nilipata samli ya kujaza kopo zima, na mume wangu akauliza tutaila na nini, maana hata maharage nilikuwa nimeyang'oa.

Nilijua nitaipeleka wapi. Siku ya kumi nilipanda lori la mahindi kwenda Mbarara kumpigia dada yangu simu.

Lori lilipasuka gurudumu Kaberebere. Wenzangu walishuka wakakaa kivulini, mimi nikaizunguka stendi mpaka wauza matoke wakaanza kuniuliza nimepoteza nini. Mbarara nilifika mchana. Kulikuwa na mama mmoja mwenye meza ya simu karibu na soko, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha. Alifungua kopo langu, akachovya kidole, akaonja, akakubali tubadilishane: samli yake, simu yangu. Nilimpa kipande cha karatasi chenye namba mbili, ya mwenye duka aliyempangisha dada yangu na ya shemeji yake aliye ng'ambo ya mpaka kutoka mji ule. Ya kwanza haikuita. Ya pili iliita ikakatika. Nikaanza kwenda na kurudi mbele ya meza yake.

"Mama, kaa chini," aliniambia. "Wewe nazunguka sana. Simu haiko na miguu, haiwezi kimbia."

Nilikaa. Nikasimama tena. Mara ya nne shemeji akapokea, na kabla sijamaliza salamu akampa mtu simu, na huyo mtu alikuwa dada yangu.

Tuliongea kwa lugha yetu ya nyumbani. Nililia, ndiyo. Yeye hakulia. Aliniambia ametoka mjini siku ya kwanza kabisa, kabla redio haijasema lolote, kwa sababu mteja wake mmoja alikuja kuchukua nguo ambayo haijaisha na kumwambia na yeye aende. Cherehani ameiacha. Yeye ni mzima, anakula, anagombana na mama mkwe wake kuhusu chumvi. Kisha akaanza kuniuliza ya kwangu, na dada yangu akianza kuuliza hana mwisho. Watoto wanasoma? Bati bado linavuja? Ng'ombe anakamuliwa?

"Anakamuliwa," nikasema.

"Na kale katoto ka jirani yako ulikoniandikia? Bado kanakunywa?"

Nikasema, "Ndiyo. Kanakunywa."

Yule mama wa Makenke alikuwa amelishika kopo la samli mapajani, anajilamba kidole. Niliyaangalia maziwa ya siku tisa ya mtoto yakiwa mapajani mwa mtu mwingine, na dada yangu akisema sikioni mwangu kwamba hilo ni jambo jema, kwamba mama yetu angefurahi. Niliona haya mchana kweupe. Lakini nitakuwa mwongo nikisema hasira iliisha. Ilikuwapo, sasa haina pa kwenda, kwa maana dada yangu alikuwa mzima.

Nililala kwa mtu wa kanisa letu, nikarudi Nakivale kesho yake. Asubuhi iliyofuata nilikwenda bombani, na safari hii nilikumbuka dumu. Nilikuta wanawake kama kumi wamechuchumaa, wanasugua vyombo. Si sufuria tu. Vibuyu. Hata bibi mmoja wa kwetu milimani, mtu wa kufukiza kibuyu hata cha maji, alikuwa na povu hadi kwenye viwiko, ananung'unika.

Nilimuuliza amepatwa na nini, anaharibu vibuyu.

"Si ni hawa watu wa zahanati," alisema. "Maziwa sasa yana ladha ya kufuliwa. Lakini nifanyeje, wamesema kuhara kumeua watoto kule upande wa ziwa, kila chombo kioshwe kwa sabuni na kukaushwa juani. Wewe hukusikia? Walipita na kipaza sauti siku mbili nzima. Walipita mlangoni kwako."

Nilisema nilikuwa Mbarara. Akaniambia si wiki hii, ni wiki ile nyingine, mwanzoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Si kipaza sauti. Hicho sikukisikia na mpaka leo sikikumbuki. Nilimkumbuka jirani yangu akiwa amesimama mlangoni kwangu saa ya habari, na mimi nimeegemea redio, sikio limeshikana nayo. Alisema kitu kuhusu watu wa sante, maana kwao ndivyo wanavyoita afya. Alisema kitu kuhusu kibuyu. Na mimi, bila kugeuza kichwa, nilimpungia mkono na kusema, "Sawa, sawa, sawa," ili anyamaze nisikie yule mtangazaji anasema nini kuhusu watu ambao sijawahi kuwaona.

Aliniomba ruhusa, nikampa, kisha nikamwadhibu.

Sikumbuki kama dumu nililijaza. Nilifika nyumbani, nikakamua kwa pupa hadi ng'ombe akanigeukia. Nilikishusha kile kibuyu ukutani. Kilikuwa kimekauka hadi kimeanza ufa mdogo karibu na shingo, kwa hiyo nikamimina maziwa katika jagi na kuchukua kikombe, nikavuka uzio.

Alikuwa amekaa nje anapepeta unga wa mihogo. Mtoto alikuwa pembeni yake, anakunywa chai ya rangi katika kikombe cha bati. Mashavu yake yalikuwa yamepungua. Siku kumi na moja si nyingi, lakini mashavu ya mtoto hayahitaji nyingi.

Nikasema, "Mudogo yangu, kile kibuyu. Uliniambia, na sikusikia. Nilidhani umekiosha ili kuachana nasi."

Aliacha kupepeta. Nilimwona anarudi nyuma siku zile, anapanga upya alichokuwa amekipanga.

"Miye nilizani ni juu ya bale batu," alisema. "Nilisikia bintu benye banaimba. Nilikuwa na haya ya kukuya kwako kusikiliza redio, yaya. Nitakaa pa mukeka yako namna gani, na ndugu zangu beko mule? Ulipokatala maziwa, nikasema, aya. Iko na haki."

"Huna kosa lolote."

"Minajua siko na kosa," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Lakini nilikuwa ninakusikia unasuka. Kila asubui. Mutoto anasema, mama, maziwa iko, ninaisikia. Namuambia apana, ule ni maji. Siku tisa ninamudanganya mutoto wangu juu yako. Nikasema, acha akasirike, batu betu banamufanyia mubaya. Kama ni maziwa tu ndiyo anatukatia, ni kidogo."

Niliyekwisha kupiga mtu kwa kibao, niliyejua kujibu wakubwa na wadogo, nilisimama na jagi langu. Ningefurahi kama angenitukana. Alikuwa amechukua wimbo ambao hakuuimba, akaulipa kwa chakula cha mtoto wake, na aliyepokea malipo ni mimi.

Alinivutia kigoda kwa mguu. Nilikaa. Wiki nzima ile na ya kabla yake, isipokuwa kwenye kusuka, sikuwa nimekaa mahali nikatulia, na sasa niliketi nikijisikia mzito, redio ikiwa nyumbani, imezimwa.

Nikamwita mtoto. Alikuja polepole, akasimama mbali kidogo na magoti yangu, ambayo aliyazoea kuyapanda. Nilimimina maziwa, bado yana joto la ng'ombe, nikampa kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Alikinusa. Midomo yake ilikuwa imeshafika ukingoni.

Kisha akasita, akageuza macho kwa mama yake, kuuliza kama anaruhusiwa. Miaka minne alikuwa hajawahi kuuliza.